Steringi

Mara ya tisa sasa tunautazama mkanda ule,
sebuleni Magomeni Mapipa, feni ikikoroma.
Kondo anasema: steringi ni mpelelezi,
yule wa koti refu, asiyecheka,
anayehesabu vipisi vya sigara kama mhasibu.
Mwenyewe alikuwa mhasibu, bandarini, miaka ishirini na saba.

Mimi nasema steringi ni yule mwanamke garini,
nje ya benki, mvua inapiga kioo,
injini inanguruma, kidole kinagonga usukani.
"Ana maneno kumi na moja tu!"
Najua. Nimeyahesabu pia.

Ananiita wakili wa majambazi.
Namwambia sheria yake haijawahi kumngoja mtu.
Kahawa inapoa. Kashata anazimaliza yeye.

Risasi ya mwisho haijalia,
luku ikaisha.

Giza. Halafu sauti ya Kondo, ndogo, si ya mabishano:
"Wewe Mwantumu, ungeningoja?"

Nikapapasa meza nitafute simu, ninunue umeme.
Nikaipata,
nikaiacha palepale.
"Inategemea.
Umetoka na begi, au mikono mitupu?"

Akanyamaza kitambo.
"Mitupu."

"Basi panda."