Jedwali la Tatu

Makala imetoka. Kurasa tisa.
Jina la Daktari Vadász limetangulia,
langu limo mwishoni, kwa herufi za sisimizi,
wanaposhukuriwa madereva na wauguzi.

Nimeisoma nikiwa nimesimama jikoni,
birika likichemka, chokaa imeganda tumboni mwake.
Maji ya Szeged ni magumu, kila mtu anajua.
Bibi zetu walikinga mvua kwa mapipa
wakaogeshea wachanga, wakaapa
kwamba maji ya mbinguni hayaumi ngozi.

Daktari naye alikuwa na bibi.
Alikuwa na ukurutu kwenye mikunjo ya viwiko,
soksi mikononi usiku, zimefungwa kwa uzi wa sufu,
na beseni la mvua kando ya jiko.
"Nilipona," aliniambia, "au nilikua tu.
Miaka thelathini sijui ni lipi."

Akauliza kama watu wa kazi yake wanavyouliza:
watoto mia moja na arobaini, nusu kwa nusu,
madumu ya vifuniko vya buluu na vya manjano,
asiambiwe mtu ni lipi limebeba wingu.

Mimi nilipeleka madumu.
Jumanne Rókus, Alhamisi ng'ambo ya mto,
Januari ikinikata masikio.
Nilijifunza kusoma nyumba kwa shuka zake,
vidoa vya damu vidogo, kama pilipili ya unga
iliyoponyoka kijikoni.
Nilihesabu wekundu, ukavu, michubuko,
sifuri hadi tatu, sifuri hadi tatu,
goti, kifundo, nyuma ya sikio.
Fomu haikuwa na kisanduku cha mama
anayelala ameshika mikono miwili ya mwanawe
kama aliyeshika ndege.

Zsombor, namba themanini na saba, miaka minne,
alituuliza: "Nani ananiwasha?"
Si nini. Nani.
Daktari akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena.
"Bado namtafuta," akasema.

Sasa nimefika jedwali la tatu.
Buluu: alama zimepungua nne nukta moja.
Manjano: nne nukta tatu.
Chini yake sentensi fupi,
kama mlango unaofungwa asiamshwe mtoto:
Hatukuona tofauti.

Mkuu wa idara alimshauri aiache kabatini.
Nani husoma habari za kitu kisichofanya kazi?
"Anayetaka kununua pipa," akamjibu.
Jumapili ile alikwenda makaburini peke yake.
Sikumuuliza alimwambia nini bibi.

*Washiriki watano walijitoa.* Ukurasa wa nne.
Nawajua. Wawili walihamia Graz.
Pacha wa Móraváros, baba yao alichoshwa na maswali.
Wa tano ni Zsombor.
Mama yake alipewa zamu ya usiku kiwandani,
akanirudishia madumu yameoshwa, yamekauka,
na juu yake mtungi wa jemu ya aprikoti,
kana kwamba yeye ndiye mwenye deni.

Kisha tanbihi, karibu niiruke:
makundi yote mawili yalipata nafuu. Sababu haijulikani.

Nina dhana, ila dhana haina safu kwenye jedwali.
Tulibisha hodi. Kila juma mtu alibisha hodi
akauliza usiku umepitaje,
na marhamu ikapakwa hata na mikono iliyochoka,
kwa kuwa Jumanne kuna mtu angeuliza.
Hatukulipima hilo. Tungelipima kwa rula gani?

Simu inalia. Ni yeye.
"Umeiona?"
Nimeiona.
"Ukurasa wa saba kuna koma imekosewa."
Kisha kimya, kirefu, cha mtu anayejikuna kiwiko
bila kujua kwamba anasikika.

Nje mvua imeanza,
inagonga pipa la jirani yangu,
ambaye makala hii hataisoma.