Mlango wa Kushoto

Sanduku lina vipande mia moja na kumi na vinne.
Nimevihesabu mara mbili, kwa mazoea ya kiwandani,
na mlango hamna.
Kuna injini ya silinda nane, imepasuliwa kati kama mkate,
kuna usukani mwembamba kama pete ya mtoto,
matairi manne ya mpira wa kweli, yananuka upya;
lakini milango imeumbwa pamoja na bodi,
umechorwa mstari tu, wa kulihadaa jicho.

Mimi, Ludwik Gorzelany, niliyefunga milango ya kushoto
miaka tisa, Hamtramck, zamu ya jioni,
gari moja kwa dakika, mvua inyeshe, theluji ianguke,
leo nimeuziwa Challenger isiyofunguka!
Bronia akasema kutoka juu ya ngazi: irudishe dukani.
Sikumjibu. Kisu nilikwisha kukishika.

Kukata plastiki si kukata.
Ni kukwaruza kwa mgongo wa kisu, mkwaruzo juu ya mkwaruzo,
pumzi umeibana, unga mweupe unadondoka mapajani,
mpaka mwanga upenye.
Siku tatu. Wa kushoto ulitoka mzima.

Wa kulia haukuwa wangu.
Wa kulia ulikuwa wa Lavelle Stubbs.
Kati yangu na yeye yalipita magari, sijui elfu ngapi,
matupu, bila viti, bila vioo,
na nilimwona kupitia humo tu:
kidevu, kofia, mkono wenye mashine ya bolti,
kisha nguzo ya paa ikamfuta,
kisha gari jingine likamleta.
Tulizungumza vipande vipande. Sentensi aliyoianza
kwenye gari la kijani aliimalizia kwenye la njano.
"Mke wangu..." alisema usiku mmoja, king'ora kikalia,
na hadi leo sijui mke wake alifanya nini.

Nao huo nikaukata. Mkono ukateleza karibu na kitasa;
nikaziba kovu kwa gundi na poda, nikapiga msasa wa maji,
namba mia nne, mia nane, elfu mbili,
mpaka kidole kikasahau palipoumia.
Bawaba nimezikunja kwa pini ya nywele ya Bronia,
naye hajui.

Rangi ni zambarau.
Ndiyo waliyoililia vijana wa mwaka sabini,
ikija kwenye mstari ilichomoza kama dhambi
katikati ya magari ya kahawia ya baba zao.
Ile halisi sikuwahi kuiendesha.
Nilikuja kazini kwa basi, nikarudi kwa miguu.
Kwanza kijivu cha msingi, kisha fedha nyepesi,
kisha zambarau yenyewe, ukungu juu ya ukungu,
bomba linapumua mkononi kama paka,
na mkono usisimame, kwani ukisimama rangi hulia,
na rangi ikilia machozi yake hayafutiki.
Feni ya dirishani ikatupa vumbi lote nje.
Asubuhi mtoto wa jirani, Tahmid, akagonga mlango
kuuliza ni nani amemwaga juisi kwenye theluji.

Sasa iko mezani, juu ya gazeti. Haitimizi shibiri.
Ubavuni kuna alama ya dole gumba langu,
niliishika kabla haijakauka, kama mgeni wa kazi.
Pruitt, msimamizi wetu, angeirudisha.
Mimi siirudishi.

Nimefungua milango yote miwili.
Nimelaza shavu mezani, jicho usawa wa sakafu yake,
nikachungulia hadi ng'ambo.
Mashine ya kufulia. Ndoo. Ndara moja ya Bronia.
Viti bado vimeshikilia fremu yao,
namba sitini na namba sitini na moja.
Vikae huko huko kwa leo.