Bure

Siku ya baraza naibu wa chifu alipanda juu ya kreti ya soda
akasema elimu ni bure.
Akasema ni lazima pia,
na mzazi atakayemfungia mtoto nyumbani
sheria itamfungia yeye.
Watu wa Mwakirunge tulipiga makofi.
Mimi nilipiga hadi viganja vikawaka,
maana Umazi alikuwa ametimiza sita
na meno ya mbele yameshamtoka.

Jumatatu tukaondoka gizani,
tukapita kando ya jaa
pale malori ya mjini hutapika usiku kucha,
tukavuka kijito kwa mawe matatu, la nne lilichukuliwa na mvua.
Saa moja na nusu tuko langoni.

Karani, Bi Mishi, ni mpole. Kiti alinipa.
"Elimu ni bure, mama," akaniambia.
"Ni dawati tu. Na rimu ya karatasi.
Na mia mbili ya mlinzi kila muhula.
Na cheti cha kuzaliwa,
kwa sababu kompyuta haimjui mtoto asiye na namba."

Nikamweleza: Umazi alizaliwa nyumbani,
usiku ule kijito kilipopanda mpaka jikoni,
akapokewa na Hawe Kadii,
naye Hawe Kadii keshazikwa na ushahidi wake.
Bi Mishi akaandika.
Akafuta alichoandika.

Hebu nyinyi wa mjini, mlionizidi Kiswahili, niambieni
bure hii ni ipi?
Ya kupewa,
au ya kumpigia mbuzi gitaa?
Maana cheti nimekifuata Kisauni mara tatu,
nauli nimekopa mara tatu,
na mara zote tatu nimerudi bure.

Dzombo, baba yake, si mtu wa maneno.
Alikwenda jaani akaokota mbao za bandarini,
zile za kubebea mizigo,
akang'oa misumari, akainyoosha juu ya jiwe,
akaipigilia tena hiyohiyo.
Siku nne, dawati.
Umazi ndiye aliyeshika mkebe wa misumari.
Upande wa chini mbao zilikuwa na herufi za kuchomwa,
maneno ya nchi tusiyoijua,
naye akawa analala chali chini ya dawati, kidole juu,
akizifuata:
hii jembe,
hii mlango,
hii nyoka aliyekunjwa mara mbili.

Tukalibeba.
Pale kijitoni Dzombo alijitwika peke yake,
miguu minne ya dawati ikitazama mbinguni.
Mwalimu mkuu alitoka ofisini kuliona.
Walilisifu, wallahi. Walilikalia kwa zamu.
Kijana akaja na kopo la rangi nyeupe
akaliandika 41,
na rangi haijakauka likaingizwa gredi ya kwanza.
Halikuulizwa lilizaliwa wapi.
Halikuulizwa mkunga.
Umazi akaambiwa arudi cheti kikitoka.

Muhula umekwisha, wa pili umeanza.
Juzi naibu wa chifu kaja na daftari
kuuliza mtoto anafanya nini nyumbani saa nne ya asubuhi.
Nikamwambia, bwana, sisi sheria tumeitii.
Dawati letu liko darasani
na halijakosa hata siku moja,
hata siku za mvua.
Hakucheka.
Aliniandikia barua ya onyo,
akaipiga muhuri, akaipuliza ikauke.
Na humo ndani, kwa wino wa serikali,
*Umazi Dzombo Chengo, umri miaka sita.*
Hajawahi kuandikwa popote kabla ya hapo.

Nimeihifadhi kwenye mfuko wa nailoni, pamoja na kadi ya kliniki.
Kesho nampelekea Bi Mishi.
Sijui kompyuta itasemaje.

Usiku huu Umazi ameniomba aishike.
Kalala chali mkekani, kaiinua karibu na taa,
kidole kinatembea polepole.
Jembe halipo. Mlango haupo.
Kisha kapiga kelele mpaka baba yake akaamka:
nyoka wake yumo,
yuko ndani ya jina.