Tumbo la Mbarouk

Jumanne jioni, Bahla, darasa nyuma ya soko,
wanawake tisa, mabonge tisa ya udongo.
Mwalimu Ibtihal, rika la kitindamimba wangu,
katwambia: leo sitaki mtungi, sitaki chetezo.
Nifinyangieni kinachokuchekesheni nyumbani.

Bi Ghaliya akaanza mbuzi juu ya paa la gari.
Zamzam, mkwewe akikagua unga kwa jicho moja.
Mimi sikuwaza. Vidole vilikwenda vyenyewe
vikanirudisha sebuleni kwangu:

Mbarouk, chali, adhuhuri ya Julai,
nje mbuzi wamebanana kwenye kivuli cha tangi la maji,
yeye shuka kiunoni, kofia imemteleza hadi puani,
tumbo kama kawa lililofunikia biriani ya harusi,
na juu ya kilele chake
rimoti ya kiyoyozi.

Haiguswi, hiyo.
Inyatie kwa ncha za vidole, shusha pumzi,
jicho moja litafunguka:
"Naangalia."
Unaangalia nini, baba? Upepo?

Darasa lilipomwona lilikufa kwa kicheko.
Bi Ghaliya akafuta machozi kwa buibui:
"Huyu Sleyum wangu."
"Wako wapi!" akaruka Zamzam. "Khalfan huyu, tazama kitovu."
Hata mwalimu, ambaye hajaolewa,
aliinama, akamtazama kwa muda,
akasema taratibu, "Baba."

Basi nikavimba kichwa. Nikamwongeza tumbo.
Mwalimu akanionya: mtoboe kwa chini, mama, hewa ipate njia,
udongo mnene una kinyongo.
Nikaitikia ndiyo.
Sikutoboa.
Nani amtoboe mumewe tumbo
mbele za watu?

Alhamisi tanuri likawashwa.
Saa nne usiku likasema pu!
na Shofikul mlinzi, akidhani ni gesi,
alifika barabara kuu na ndara moja.

Asubuhi tukafungua.
Mbuzi mzima. Mkwe mzima, na jicho lake.
Mbarouk wangu: miguu, kofia, rimoti.
Katikati, hamna mtu.

Nikamzoa kwenye mfuko wa mchele.
Wenzangu walicheka, nami nikacheka nao hadi mlangoni,
kisha nikakaa garini nimeshika ule mguu wa udongo.
Mwaka jana alilazwa Nizwa siku kumi na moja.
Rimoti ilikuwa yangu.
Nikaweka baridi niitakayo mimi, tena nikabadilisha, tena nikazima,
usiku mmoja nikaiweka juu ya mto wake
na nikalala nikiiangalia.

Nyumbani nikavimwaga vipande juu ya mkeka.
Akachuchumaa, na magoti yakalia.
Akaugeuza mguu. Akainusa kofia.
"Nani huyu?"
"Sleyum wa Bi Ghaliya," nikasema haraka.
"Maskini. Kafa kifo kibaya."

Kisha akachagua gae kubwa kuliko yote,
lile la tumbo, lililopinda kama bakuli,
akalifuta kwa pindo la kanzu,
akalijaza halwa.

Wahenga walisema mfinyanzi hulia gaeni.
Mumewe hulia wapi, hawakusema.
Wangu alijilaza chali pale pale pake
akaliegesha gae juu ya tumbo lake,
na lilikaa, wallahi, lilikaa sawasawa,
kama kifuniko kilichokuta chungu chake.
"Ajabu," akasema akitafuna,
"mimi na Sleyum kipimo kimoja."

Akafumba macho. Halwa ikapanda, ikashuka.
Rimoti ilikuwa ubavuni, upande wangu.
Nikanyoosha mkono,
polepole, kama mtu anayeokota yai.

"Naangalia," akasema.