Moshi wa Mrina Asali

Kalunde alikuja saluni Jumamosi, saa nne,
bado nafagia nywele za jana.
Hakuketi. Alisimama mbele ya kioo
kama mtu aliyefika ofisi ya serikali
asijue aulizie dirisha lipi.

“Nimetoka edani juzi,” akasema.
Miezi minne na siku kumi
macho yake hayajaonja wanja.
“Jumatatu narudi stesheni, kukata tiketi.
Nifundishe kujipaka upya.
Nisifanane na bibi harusi.
Lakini nikikaa dirishani hivi nilivyo
watu watanipa pole kwanza,
ndipo waseme waendako.”

Nikavuta kiti.

Wasichana wa chuo huniletea picha kwenye simu,
macho kama ya mtu aliyetoka kupigana.
Nawapaka, ndiyo. Kodi ya chumba hailipwi na busara.
Ila huyu hakuleta picha.

Baba yangu alirina asali misitu ya Sikonge.
Nilimbebea kienge nikiwa na miaka tisa,
nikakipuliza kwa pupa, macho yakanichuruzika.
Taratibu, akasema, moshi ni hodi.
Ukizidi, asali inanuka majivu hadi mwakani.
Ukipungua, utaingia nyumbani na uso wa mtu mwingine.

Basi nikaanza na kahawia,
rangi ya asali iliyokaa chupani tangu masika,
ukope mzima wa kushoto, kwa ncha ya kidole.
Kisha nyeusi, chembe tu,
pale kope zinapoota,
ijibanze hapo kama masizi kwenye mafiga.
Kisha kazi yenyewe, inayochosha mkono:
kusugua ukingo, kusugua,
mpaka nyeusi yenyewe isijue imeishia wapi.
Chini ya nyusi usiguse. Moshi unataka pa kwendea.
Na mdomo? Mafuta tu.
Uso mmoja hauwezi kupiga kelele mara mbili.

Wifi yake, Msimu, akapita na kapu la sokoni,
akachungulia, akaguna.
Mguno wa mjini kwetu hufika Ng’ambo
kabla ya bodaboda.
Kalunde hakugeuka.
“Marehemu,” akasema, jicho limefumbwa chini ya kidole changu,
“alinunua kwangu tiketi ya Mpanda.
Hakuisafiria.
Alisema alitazama kidirishani akaona wanja,
akaenda kuketi kwenye benchi, treni ikamwacha.
Wakati ule nilikuwa najipaka mengi.
Nilikuwa na miaka ishirini na miwili, nani angenikataza?”

Nikampa brashi. Jicho la kulia, lako.

Alipaka ovyo, mkono umesahau.
Nyeusi ikapanda mpaka karibu na nyusi,
akaifuta kwa kanga, akapaka tena, akafuta tena,
akatukana kwa Kinyamwezi, tukacheka,
akafuta mara ya tatu, na kilichobaki
kilikuwa chepesi kuliko changu,
hakikulingana na la kushoto hata kidogo.
Nilitaka kurekebisha. Mikono ilinitangulia.
Nikaipeleka kwenye ufagio.

Hakuuliza bei. Aliacha noti chini ya chanuo,
akatoka upande wa jua.

Jumatatu nilifunga saluni saa saba, nikasema naenda kununua sabuni.
Stesheni ilikuwa imejaa: magunia ya karanga,
madumu ya asali yaliyofungwa kwa mpira wa baiskeli,
mtoto analia kwa sababu amekatazwa kulia.
Nikapanga foleni kama abiria.
Mbele yangu mzee wa Kaliua aliinama kidirishani,
akanyamaza kidogo,
akataja kituo chake. Pole hakutoa.

Zamu yangu ikafika.
Macho yote mawili yalikuwa yake, kazi ya mkono wake,
moja limezidi kidogo pembeni,
na ndani ya ule moshi, yeye, macho makavu,
ananitazama kama hanijui.

“Unakwenda wapi?”

Nami sikuwa na safari.
Nilisimama pale na elfu tatu za sabuni mkononi,
nyuma watu wakaanza kunisukuma.