Mtetemo wa Wanaoepukana

Regensburg, Februari. Danube imeganda kingoni.
Walburga amebandua utando kwa utepe wa gundi,
mwembamba hata wembe ungeona haya,
akaulaza juu ya mwenziwe, akauteremsha
kwenye baridi ambayo theluji ni moto mbele yake.

Humo elektroni chache, zisizopendana hata chembe,
kila moja ikisukuma jirani, ikisukumwa,
mwisho zimetulia, pembetatu kwa pembetatu.
Hakuna aliyezipanga.
Ni kule kuepukana tu.

Saa nane usiku anazigusa kwa mwanga:
moja inacheza, na ya pili, na ya elfu,
na zile za utando wa chini, zisizoguswa,
zinaitika.
Kwenye kompyuta, kilima kidogo
mahali palipokuwa tambarare jana.

Hakupiga kelele. Alimkumbuka Bwana Ottmar wa ghorofa ya tatu:
miaka sita, salamu yao ilikuwa kutazama viatu kwenye ngazi.
Jumanne walimtoa kwa machela, amefunikwa uso,
na tangu hapo jengo zima halilali.
Nyayo juu, bomba chini, mtu anakohoa nyuma ya ukuta,
na Bi Kreszentia, aliyemshtaki kwa ajili ya redio,
ndiye anayemwagilia maua yake.

Akaandika namba daftarini, na kando yake, kwa penseli:
hatujashikana, ila tumefungamana.
Akafuta neno la mwisho.
Pampu ikaguruma, meza ikatikisika kidogo,
akalirudisha.