Maneno Mia Tano

Fomu inauliza, kwa heshima zote:
Kwa nini unaomba Shahada ya Uzamili
katika Uongozi wa Huduma za Afya?
Eleza kwa maneno yasiyozidi mia tano.

Saa nne usiku, Makete. Nje sakitu inatua
juu ya viazi vya watu, kimya, kama mkaguzi.
Nimevaa koti juu ya sweta juu ya sare,
nimekalia kreti la dripu kando ya friji ya chanjo,
maana ni kona hii tu ya stoo inayoshika mtandao,
vijiti viwili, ukikaa bila kutikisika.

Nimeandika: "Tangu utotoni nilitamani kuihudumia jamii."
Nimefuta.
Utotoni nilitamani pikipiki.

Nimeandika: "Nina ari, weledi na uadilifu."
Nimefuta. Hayo ni maneno ya bango la getini,
lile lililong'olewa na upepo wa Agosti
tukaliezekea banda la jenereta.

Viambatisho viko tayari. Cheti cha kidato cha nne
kinaniita Luitiko, stashahada inaniita Lwitiko,
cha kuzaliwa kilimeza herufi mbili karani alipopiga chafya.
Nimeshuka Njombe, nimemlipa wakili elfu thelathini,
nimeapa mbele ya muhuri kwamba mimi ni mimi.
Barua ya mdhamini nayo ipo. Daktari Chaula alisema,
"Andika mwenyewe, dada, mimi nitasaini."
Basi nimejisifu kwa sauti ya mwanamume wa miaka hamsini na nane,
nikajiona mtu wa maana,
nikapunguza kidogo.

Lakini kwa nini?

Kwa sababu ya Julai ile. Yudita Sanga, uzazi wa nne,
damu haikatiki. Gari la wagonjwa lipo,
matairi yapo, Ngogo dereva yupo, ameshavaa buti.
Mafuta yapo pia, kwenye pipa, chini ya kufuli;
ufunguo unangoja fomu, fomu inangoja saini,
na saini iko semina, Iringa,
simu imezimwa, inasikiliza mada
ya kutoa huduma kwa wakati.

Hakuna aliyekosea. Hilo ndilo linaloniuma.
Nilipekua faili, ukurasa kwa ukurasa:
kila mtu alifuata utaratibu.

Aliyempeleka hospitali ni lori la viazi, Fuso,
Yudita juu ya magunia, mimi nimeinua dripu
kilomita thelathini na kitu, hadi vidole vikawa vya mtu mwingine.
Aliishi. Mtoto naye aliishi.
Kijijini wanamwita Fuso. Ana miaka sita, anaitika,
na akipita getini hunipigia honi kwa mdomo.

Watu hucheka. Hata mimi hucheka.
Kisha narudi ndani nalitazama lile pipa.

Mganga husomea mwili. Nani husomea ufunguo?
Nani hukaa darasani miaka miwili
akaifuata karatasi moja kutoka meza hadi meza,
ajue inalala wapi, na nani anailalia?

Mume wangu ameuliza ada italipwa na nini.
Tuna ekari moja na nusu ya misindano,
bado miaka mitatu ikomae.
"Tutaiuza changa," akajijibu, akageukia ukutani.
Sijui kama alikuwa amelala.

Saa tano na dakika arobaini. Mlango unafungwa saa sita.
Nimeandika:
"Sitaki mtoto mwingine aitwe Fuso."

Maneno matano. Nimebakiza mia nne tisini na matano.
Wasomi watadhani nimekosea kuchapa.
Nimewaongezea aya mbili za kawaida, maana lazima,
ila hilo nimeliacha mbele, liwapokee mlangoni.

Nimebonyeza. Ukurasa unazunguka, unazunguka.
Nimeilaza simu juu ya kreti, taratibu, kama kichanga,
nikafungua friji: nyuzi nne,
joto kuliko nje.
Nikajaza chati ya ukutani, tarehe, saa,
nikaweka saini yangu.